Kesi ya Dewey: hukumu sahihi, serikali iliyoanguka

Dewey aliua. Nalisema mapema kwa sababu mjadala wa The Society, tamthilia ya vijana waliobaki peke yao na kujiundia serikali, hukwama papo hapo: watu hubishana kama kijana yule alisingiziwa, jioni inaisha na uzito wa kisa haujaguswa. Basi tuchukulie kwamba mkono uliomfyatulia risasi Cassandra, kiongozi wa vijana hao, ni wake, na kwamba wenzake hawakukosea walipomwona na hatia. Naanzia hapo kwa kuwa naamini hukumu ile ilikuwa ya kweli, na bado ndiyo iliyoiangusha serikali iliyoitoa. Ambaye hajaitazama na anakusudia kuitazama aishie hapa, maana nitamwaga mtama wote.

Tamthilia yenyewe ilitolewa na Netflix mwezi Mei 2019, vipindi 10, kazi ya Christopher Keyser. Wanafunzi wa sekondari wa mji wa West Ham, jimbo la Connecticut nchini Marekani, wanapakiwa kwenye mabasi kwenda kambini. Safari inakatizwa, wanarudishwa usiku, na wakishuka wanakuta mji hauna mzazi, hauna mwalimu, hauna polisi. Stima ipo na maji yapo. Simu zinapigika kati yao wenyewe tu. Kila barabara inayotoka mjini inaishia kwenye msitu mnene.

Cassandra Pressman, msichana mwenye akili nyingi na moyo mgonjwa (moyo wa mwilini, nasema), anashika usukani. Chakula kinapikwa pamoja, kazi zinagawanywa kwa zamu, watu wanahamia pamoja katika nyumba chache. Waliotoka katika nyumba kubwa, Harry Bingham akiwa mbele, wanaona mali ya wazazi wao ikigeuzwa ya wote na hawafurahii. Usiku wa dansi ya shule Cassandra anapigwa risasi. Mdogo wake, Allie, ambaye hadi siku hiyo aliishi kwenye kivuli cha dada yake, anasukumwa kitini. Anawatumia vijana wa timu ya mpira wa Kimarekani kuwa walinzi wa mji. Uchunguzi wa vijana wenyewe unamfikia Dewey. Anashtakiwa mbele ya wenzake, anaonekana na hatia, na Allie anaamua auawe. Anapelekwa msituni na kupigwa risasi. Hapo msimu umefika katikati tu.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa mahakama huku Eastlands. Nimesimama kando ya washtakiwa wengi, wengine wakiwa na umri wa hao wa West Ham, nikiwaeleza shtaka na kungoja waseme ni kweli au si kweli. Siku hizi Jumamosi jioni hukaa na vijana wa mtaa wetu wa Umoja kwenye ukumbi wa kanisa, tunatazama vitu kwa projekta kisha tunavibishania. Walipomaliza vipindi vyote walitaka jambo moja: Dewey asikilizwe upya, kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kana kwamba West Ham ni wadi ya Nairobi. Ninayoyaandika yametokana na kesi hiyo, ingawa maoni ni yangu na wapo ambao hatujakubaliana hadi leo.

Kiti cha hakimu

Binti wa kidato cha nne aliyepewa kazi ya kumtetea Dewey hakuanza na bunduki. Aliinuka, akainamisha kichwa kidogo kama walivyofundishwa kwenye mashindano ya midahalo, akasema, "Mheshimiwa, kabla shtaka halijasomwa, namwomba hakimu ajiondoe."

Kijana aliyekaa kiti cha Allie alishangaa kweli. "Nijiondoe niende wapi? Mimi ndiye serikali."

Ukumbi ulicheka, lakini jibu lile lilikuwa na kisa kizima ndani yake. Allie alikuwa mfiwa. Alikuwa pia mkuu wa mji, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya adhabu. Ibara ya 50 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama au chombo kilicho huru na kisichopendelea upande wowote, na ibara ya 25 inaiweka haki hiyo kati ya zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa kisingizio chochote, hata nchi ikiwa kwenye hali ya hatari. West Ham ilikuwa kwenye hali ya hatari kuliko nchi yoyote niijuayo. Bado hilo halimpi dada wa marehemu kiti cha hakimu.

Sheria yetu haimsahau mfiwa. Tangu Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, familia ya marehemu ina nafasi ya kusikilizwa, na kabla ya adhabu kutolewa wanaweza kuieleza mahakama walivyoumia. Nimetafsiri maelezo ya akina mama wa namna hiyo. Mmoja alizungumza kwa utulivu hadi alipofika kwenye viatu vya mwanawe vilivyokuwa bado mlangoni, akashindwa kuendelea, na hakimu akangoja. Hakuna aliyemharakisha. Kisha aliketi, na uamuzi ukatolewa na mtu ambaye hakuwahi kukutana na mwanawe. Allie alistahili dakika zile za kusimama na kulia mbele ya mji mzima. Hakupewa. Alipewa mzigo wa kuamua, na akiwa na uchungu ule akalazimika kujifanya jiwe.

Mwendesha mashtaka wetu, kijana anayesomea ufundi wa stima, alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipuuza. "Mzee, pale hakuna mgeni. Kila mtu alimjua Cassandra. Aliyempenda ana chuki na Dewey, aliyemchukia ana sababu ya kumwachilia. Utamtoa wapi hakimu?" Ni kweli. Ila tofauti kati ya kumjua marehemu na kuwa ndugu yake wa tumbo moja ni kubwa, na mji uleule ulikuwa na watu waliokuwa mbali zaidi na msiba. Wangeweza kuchaguliwa watatu kwa kura ya bahati nasibu, mmoja kutoka upande wa akina Harry. Allie angetoa ushahidi kuhusu dada yake na kuishia hapo. Binti alimtaja Grizz, kijana mtulivu anayesoma vitabu, kisha akajikata mwenyewe: Grizz ni mlinzi. Kila tulipomtafuta mtu mwenye kichwa kilichotulia tulimkuta tayari ameshakabidhiwa ulinzi au yuko karibu na Allie. Serikali changa huwa hivyo, watu wachache wanaofaa hushika kila kitu.

Habari ya wenzake kukaa kama baraza la kuamua hatia tuliipita haraka, ingawa kwetu ina historia chungu. Wakati wa ukoloni Mwingereza alileta baraza la aina hiyo Kenya, lakini kwa ajili ya Mzungu aliyeshtakiwa tu. Mwaka 1941 Sir Delves Broughton alishtakiwa Nairobi kwa kumuua Lord Erroll, aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake huko Karen. Waliomsikiliza ni wanaume Wazungu wenzake, wakili wake akaivuruga hoja ya risasi na bastola, wakamwachilia. Mwafrika katika miaka hiyohiyo alihukumiwa na jaji aliyekaa na wazee wa baraza ambao ushauri wao haukumfunga jaji. Wazee hao wa baraza tuliwaondoa kabisa mwaka 2007. Kwa hiyo tukisikia Dewey alihukumiwa na wenzake tusidhani hiyo peke yake ni haki. Inategemea wenzake ni nani, na wanamwogopa nani.

Mambo mengine ya utaratibu hayakutuchukua muda. Umri ungeulizwa mwanzo kabisa, kwa kuwa kwetu adhabu ya kifo haitolewi kwa mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Muda wa kujitayarisha na mtu wa kumtetea vimeandikwa wazi kwenye ibara ya 50. Kuungama mbele ya wenye bunduki hakukubaliki: sheria yetu ya ushahidi inataka maungamo yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi, na mtu aliyechaguliwa na mshtakiwa awepo. Na rufaa. Dewey alikata rufaa kwa nani? Aliyetia sahihi kifo chake ndiye aliyekuwa juu kuliko wote.

Shahidi aliyezikwa

Hapa ndipo nilipowakalisha vijana muda mrefu zaidi, na wengine walianza kutazama saa.

Dewey hakukubali kubeba mzigo peke yake. Alimtaja Campbell. Campbell ni binamu wa Allie na Cassandra, ndugu wa Sam ambaye ni kiziwi, na kwa mtazamaji yeyote ni mtu wa kutisha: hana huruma, anapenda kuona watu wakiumia, na ana akili ya kujificha. Allie hakuwa na ushahidi wa kumshika. Alichokuwa nacho ni mtu mmoja aliyesema, "Nilikuwa na fulani." Na mtu huyohuyo ndiye Allie aliyempeleka msituni.

Sheria inayajua mashaka ya maneno ya mshirika wa uhalifu. Mwizi akikamatwa humtaja jirani. Mahakama zetu huyatafutia maneno ya namna hiyo kitu kingine cha kuyaunga mkono, na Dewey alikuwa na kila sababu ya kudanganya. Lakini kuyatilia shaka maneno yake ni jambo moja, na kumnyamazisha aliyeyasema ni jambo jingine. Tangu mwaka 2008 sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai ina nafasi ya makubaliano ya kukiri kosa: upande wa mashtaka na mshtakiwa wanaweza kuafikiana, shtaka likapunguzwa, naye akasema yote anayoyajua. Dewey aliye hai, anayeogopa kufa, alikuwa funguo pekee ya chumba cha Campbell.

Nairobi ina mfano usiosahaulika. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Mwenda alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi aliyempiga risasi. Kati ya walioshtakiwa alikuwamo Peter Ngugi, mtoa habari wa polisi, aliyeungama jinsi mauaji yalivyofanyika. Maungamo hayo yalipingwa mahakamani, yakapokewa, na yakawa sehemu kubwa ya ushahidi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na Ngugi mwenyewe. Februari 2023 Fredrick Leliman, mmoja wa maafisa hao, alihukumiwa kifo, Ngugi miaka 20. Ilichukua zaidi ya miaka sita, na familia zilichoka kungoja. Lakini kama Ngugi angeuawa wiki aliyokamatwa, kwa hasira ambayo kila Mkenya alikuwa nayo, sijui nani angelieleza lile la usiku ule.

Sasa fuata uzi. Campbell anabaki huru. Nyumbani kwake kuna Elle, msichana ambaye Campbell anamtesa na kumdhibiti kila hatua. Elle ameshaona mahakama ya mji huu inavyofanya kazi: inaua haraka, na haikumgusa mtu aliyetajwa mbele yake. Siku ya Shukrani anatia sumu kwenye pai akimkusudia Campbell, na watu wengi wasio na hatia wanaugua. Walinzi wanaanza kusaka, wanawashika watu kwa nguvu, mji unajaa uchungu dhidi ya Allie, na Campbell anautumia uchungu huo. Pai lile limeokwa kwenye kesi ya Dewey. Mtu anaweza kuniambia natia chumvi, na mwendesha mashtaka wetu aliniambia hivyo. Basi anionyeshe mlango mwingine ambao Elle angeubisha.

Habari ya gereza

Mwendesha mashtaka alikuwa na silaha yake kali hapa. Mji hauna gereza. Chakula cha dukani kinapungua na hakuna anayeleta kingine. Mtu anayefungwa lazima alishwe, alindwe usiku na mchana, tena kwa miaka, na anayemlinda hapiki wala halimi. "Mzee, wafungwa wanakula," alisema. "Pale kila sahani inahesabiwa."

Na aliongeza jambo ambalo watetezi wa Allie hawalisemi vya kutosha. Nairobi tunajua haki ya umati. Mtu akipigiwa kelele za mwizi stejini, hakuna anayeuliza jina lake. Mawe kwanza, tairi baadaye, na asubuhi tunapita majivu tukielekea kazini. Allie alikuwa na mji wenye hasira na hakuuacha umrarue Dewey usiku uleule. Alitaka uchunguzi, alitaka mashtaka, alitaka wenzake wasikie pande zote. Kwa msichana aliyezika dada yake juzi, hilo si dogo. Nilimpa alama zote.

Binti alimjibu kwa swali. "Asipokuwa na gereza, hana shamba?" Kila mtu pale alikuwa na zamu ya kazi. Dewey angefanya kazi chini ya ulinzi, zamu mbili, zamu ngumu, akala chakula alichokitolea jasho. Adhabu ya namna hiyo ina sifa moja kubwa: ikigundulika baadaye kwamba kulikuwa na mwingine nyuma yake, mtu yupo wa kuulizwa.

Sisi wenyewe tuko nusu njia. Adhabu ya kifo ingali kwenye vitabu vya Kenya. Watu wa mwisho kunyongwa, mwaka 1987 gerezani Kamiti, walikuwa wanajeshi wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Hezekiah Ochuka akiwa mmoja wao. Tangu hapo majaji wamekuwa wakitamka adhabu ambayo hakuna anayeitekeleza. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Kenyatta akawabadilishia 2,747. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya kuua ni kinyume cha Katiba, kwa sababu kunamnyima mshtakiwa nafasi ya kueleza kwa nini asiuawe. Nimewaona watu waliorudishwa kusikilizwa upya juu ya adhabu. Wengine walikuwa wameshasahau namna ya kuzungumza mbele ya watu, maana kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza kitu.

Nani aliyekuwa na bunduki

Haya yote yangeweza kusemwa juu ya kesi nyingi za mahakamani na za kubuni. La The Society lililo lake ni walinzi.

Tazama nani alifanya kazi gani. Vijana wa timu, akina Luke, Clark, Jason na Grizz, ndio mikono ya kukamata. Ndio mlango wa mahabusu. Ndio wanaomleta mshtakiwa na kumrudisha, na ndio wenye silaha siku ya msituni. Kwetu kazi hizo zimetawanywa kwa makusudi: mpelelezi yuko upande mmoja, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma upande mwingine, na kwa ibara ya 157 hapokei amri ya mtu, hakimu hana askari wake, na magereza yana wakubwa wao. Tukaongeza mamlaka ya raia ya kuwachunguza polisi. Sisemi mfumo huo unafanya kazi kila siku. Nimetoka kuwataja Kimani na wenzake. Lakini hata katika kisa kile kiovu, waliowakamata polisi hawakuwa wale polisi wenyewe, na aliyewahukumu hakuwa chini yao. West Ham haikuwa na mtu wa kumkamata mlinzi.

Allie alipoamua Dewey afe alihitaji watu wa kukubali. Amri ya kugawa viazi inaweza kupuuzwa na serikali ikaendelea. Amri ya kuua ikikataliwa, serikali imeanguka palepale, mbele ya kila mtu. Kwa hiyo siku ile Allie aliiweka serikali yake yote mikononi mwa vijana wachache na kungoja waone. Walikubali. Kila mtazamaji aliona Allie akipata nguvu, na kwa wiki kadhaa mji ulimwogopa. Mimi naona waliopata nguvu ni wale waliokubali. Walijua sasa kwamba neno lake bila wao ni maneno tu. Walijua pia kwamba yeye anajua.

Na kuna deni. Vijana wale hawakuwa wauaji. Walikuwa wachezaji wa mpira waliopenda bia na utani, wakaambiwa wasimame msituni mbele ya mtu waliyesoma naye darasa moja anayewasihi. Mtu aliyekufanyia hilo hawezi tena kukuona kama zamani. Ama anakuchukia kwa ulichomfanya awe, ama anaona unamdai kwa namna isiyolipika, au yote mawili. Allie hakuwahi kuwakalisha wakazungumza. Aliendelea kuwapa amri, akizidi kuwa mkali kadiri hofu ilivyomzidi, na wao wakaendelea kuzitekeleza hadi siku waliyopata bosi mwingine.

Tunajua kilichofuata. Allie, kwa heshima yake, ndiye aliyeitisha uchaguzi. Harry na Lexie, msichana mwenzao, wakasimama kumpinga. Campbell hakuhitaji jeshi, alihitaji kuwavuta walinzi walewale. Allie na rafiki yake Will wakakamatwa kwa madai kwamba walipanga kuiba kura, Harry na Lexie wakawekwa juu kabla kura hazijaamua. Grizz, ambaye pengine angewatuliza wenzake, alikuwa safarini akitafuta ardhi ya kulima. Waliomkamata Allie ni mikono ileile iliyomkamata Dewey, na walifanya kwa wepesi wa watu wanaoijua kazi.

"Kwa hivyo Dewey ndiye aliyempindua?" aliuliza kijana mdogo aliyekuwa kimya jioni yote. Nilimwambia hapana, waliompindua ni watu hai wenye majina. Lakini walinzi walipewa somo kwenye kesi ya Dewey, na mwalimu wao alikuwa Allie.

Mwendesha mashtaka hakuridhika. Kwake Allie angeanguka hata angemfunga Dewey, kwa kuwa walinzi walikuwa na bunduki toka mwanzo na Campbell angepata upenyo wowote. Inawezekana. Ila kumlinda mfungwa anayevuna maharagwe hakumfundishi mtu kwamba yeye ndiye serikali. Na Dewey akiwa hai, Campbell angelala jicho moja wazi. Tuliachana hapo, saa nne kasoro, mlinzi wa kanisa akigongagonga funguo.

Netflix ilitangaza msimu wa pili mwaka 2019, kisha Agosti 2020 ikaufuta kwa sababu ya korona. Allie kwa hiyo bado yuko mahabusu, hajasomewa shtaka, na kwa ibara ya 49 alipaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Vijana wa Umoja wameamua kumfikisha wao. Binti wa kidato cha nne amekataa kumtetea. Safari hii anataka kuendesha mashtaka, na ameniomba nimtafutie sheria ya makosa ya uchaguzi. Mwendesha mashtaka wa Dewey ndiye atakayemtetea Allie, akiwa na hoja moja kubwa aliyoiazima kwa binti: Harry na Lexie ndio walionufaika, hawawezi kukaa kitini. Kinachotushinda ni hakimu. Mmoja alipendekeza tupige kura, akazomewa na ukumbi mzima, kwa kuwa shtaka lenyewe ni la kura.